Imran Khan na Kapil Dev: je, wastani pekee unatosha kumaliza ubishi?

Kijiti cha Kati anauliza:

Ndugu wapenzi wa kriketi, nawasalimu nyote. Nina ubishi wa miaka mingi na mjomba wangu, na kwa kuwa sisi wawili tumekwisha kuambiana kila tulichokuwa nacho bila yeyote kumshawishi mwenzake, nimeona niulete hapa mbele ya watu wanaoujua mchezo huu vizuri kuliko sisi. Unahusu wachezaji wawili wa pande zote, waliorusha mpira na kupiga kwa kiwango cha juu katika miaka ya 1980: Imran Khan wa Pakistan na Kapil Dev wa India.

Mjomba ni shabiki wa Pakistan wa kufa na kupona. Hoja yake ni fupi, na kila akiitoa hujiegemeza kitini kama mtu aliyemaliza kazi. Katika mechi za Testi, yaani zile ndefu za siku tano kati ya nchi na nchi, Imran alipata wiketi 362 (kila wiketi ni mpigaji mmoja aliyetolewa) kwa wastani wa 22.81 na mikimbio 3,807, yaani alama za kupiga, kwa wastani wa 37.69. Kapil alipata wiketi 434 kwa wastani wa 29.64 na mikimbio 5,248 kwa wastani wa 31.05. Kwa kuwa wastani wa mrushaji ni mikimbio anayoitoa kwa kila wiketi moja, na hivyo udogo wake ndio sifa, mjomba hutoa wastani wa kurusha katika wastani wa kupiga, akabakiwa na 14.88 kwa Imran na 1.41 kwa Kapil, kisha huniuliza kama nilifundishwa hesabu shuleni.

Mimi sikatai tarakimu hizo. Kinachonisumbua ni kwamba nikiitazama rekodi ya wawili hawa naona kila mmoja aliwahi kuangusha wapigaji watano au zaidi katika zamu moja mara 23, sawasawa kabisa, na kila mmoja aliiongoza nchi yake kutwaa Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, Kapil mwaka 1983 na Imran mwaka 1992. Je, pengo la wastani linatueleza kwamba mmoja alikuwa bora kuliko mwenzake, au linatueleza kwamba mmoja alicheza katika mazingira yaliyomfaa zaidi? Na kama ni mchanganyiko wa yote mawili, tunautenganishaje? Naomba tubaki kwenye mchezo, maana mambo ya mpaka wa nchi hizo mbili yana mahali pake na si hapa.

Mtunza Daftari anajibu:

Ndugu Kijiti cha Kati, nakushukuru kwa swali lililopangwa vizuri. Nitaanza na lile la mara 23, kwa sababu ndilo linalokupotosha. Imran alizipata katika mechi 88, Kapil katika mechi 131. Hapo hakuna usawa. Ukitaka kuona mrushaji aliyekuwa tishio la kuiangusha timu nzima, angalia ni mara ngapi alipata wiketi kumi au zaidi katika mechi moja: Imran mara 6, Kapil mara 2. Imran alihitaji mipira kama 54 kupata wiketi moja, Kapil alihitaji karibu 64.

Hata hivyo mjomba wako anapunja hesabu mahali fulani, na sijui kama anajua. Wastani wa mpigaji haugawanywi kwa idadi ya zamu alizoingia bali kwa idadi ya mara alizotolewa. Imran aliingia kupiga mara 126 na katika hizo alibaki bila kutolewa mara 25. Kapil aliingia mara 184 akabaki mara 15 tu. Ukigawanya mikimbio kwa kila zamu waliyoingia, Imran anapata 30.2 na Kapil 28.5, na pengo la zaidi ya sita linashuka hadi chini ya mbili. Sisemi kwamba kubaki uwanjani ni jambo la bure. Mpigaji anayebaki na kuwalinda wenzake wa mwisho anafanya kazi halali. Nasema tu kwamba lile pengo kubwa la upigaji lina hewa ndani yake. Kapil alifikisha mia mara 8 na Imran mara 6, na Kapil hakuwa mtu wa kukaa akilinda wastani wake. Katika zamu zote hizo 184 za Testi hakuwahi hata mara moja kutolewa kwa kuchelewa kukimbia, jambo ambalo kwa mtu wa papara kama yeye linashangaza.

Pengo la urushaji ni la kweli. Nililigawanya mwenyewe kwa nyumbani na ugenini nikitumaini litafungana, lakini halikufungana. Imran alipata wiketi 163 nyumbani kwa wastani wa 19.20 na 199 ugenini kwa 25.76. Kapil alipata 219 nyumbani kwa 26.49 na 215 ugenini kwa 32.85. Kwa maneno mengine, Imran akiwa ugenini alikuwa mgumu kuliko Kapil akiwa nyumbani kwake. Dhidi ya West Indies, timu iliyowatesa wote katika zama zile, Kapil alifanya vizuri sana, wiketi 89 katika mechi 25 kwa wastani wa chini ya 25, lakini Imran alipata 80 katika mechi 18 kwa wastani wa 21 na kidogo.

Ongeza na hili la unahodha. Katika mechi 48 alizoiongoza Pakistan, wastani wa Imran wa kupiga ulikuwa 52.34 na wa kurusha 20.26. Wapo wachezaji wengi ambao unahodha uliwalemea, huyu ulimnenepesha.

Ova ya Mwisho anajibu:

Nimemsoma ndugu Mtunza Daftari kwa heshima zote, na tarakimu zake sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni kwamba daftari linamwonyesha mrushaji kana kwamba alikuwa peke yake uwanjani. Warushaji hufanya kazi wawili wawili, kila mmoja upande wake wa pichi, ule ukanda wa katikati ya uwanja, na mpigaji akibanwa upande mmoja hujaribu kupumulia upande wa pili. Imran alianza akiwa na Sarfraz Nawaz, akawa na Abdul Qadir katika mipira ya kuzungusha, akamalizia na Wasim Akram na Waqar Younis. Kapil kwa miaka mingi alifungua mpira mpya na wenzake wenye juhudi, akina Karsan Ghavri, Madan Lal na Roger Binny, ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa na kasi ya kumtisha mpigaji wa kiwango cha dunia. Mpigaji aliyejua hivyo alikuwa na njia nyepesi: mheshimu Kapil, subiri, kisha kula upande wa pili.

Mfano ninaoupenda ni mechi moja ambayo wote wawili walicheza, kwa hiyo hakuna wa kusema pichi ilitofautiana. Faisalabad, Januari 1983. Imran alipata wiketi 11 katika mechi hiyo na akapiga mikimbio 117, na ni mtu mmoja tu, Ian Botham wa Uingereza, aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake, yaani kufikisha mia na kupata wiketi kumi katika Testi moja. Mjomba wake Kijiti cha Kati bila shaka anaijua siku hiyo. Lakini tazama upande wa pili wa karatasi. Pakistan walifikisha mikimbio 652, na Kapil alirusha katika zamu hiyo akapata wiketi 7 kwa mikimbio 220. Wiketi saba kati ya kumi! Mtu mmoja anawatoa wapigaji saba na timu bado inapigwa 652. Siku ile wastani wake ulizidi 31 kwa kila wiketi, kwa hiyo katika daftari inasomeka kama siku iliyomharibia rekodi. Mimi naisoma kama siku ya mtu aliyekuwa akizima moto kwa kikombe huku wenzake wakitafuta ndoo. Mwezi huohuo, Lahore, alipata 8 kwa 85.

Na kuna mzigo. Mechi 131 katika miaka kumi na sita, kuanzia Faisalabad mwezi Oktoba 1978 hadi mwaka 1994, na hakukosa hata mechi moja kwa sababu ya kuumia. Aliyokosa ni moja tu, na hiyo aliachwa na wachaguzi. Mrushaji wa kasi anayecheza hivyo kwenye pichi ngumu zisizomsaidia anapaswa kuwekwa katika chumba chake peke yake.

Mtunza Daftari anajibu tena:

Ndugu Ova ya Mwisho, mfano wako wa Faisalabad umenishinda na nakiri. Lakini kuhusu mzigo nilifungua daftari tena. Kapil alirusha mipira 27,740 katika Testi, Imran 19,458. Gawanya kwa mechi: Kapil karibu 212 kwa kila mechi, Imran karibu 221. Na kumbuka kwamba katika mechi 88 za Imran zimo zile alizocheza kama mpigaji tu, baada ya mfupa wa mguu wake kupasuka kwa kazi nzito aliyoifanya dhidi ya India msimu wa 1982 na 1983. Hata Kombe la Dunia la 1983 alilicheza bila kurusha mpira. Kwa hiyo ndani ya mechi moja Imran hakuwa akipumzishwa; alikuwa akitumiwa zaidi. Sifa ya Kapil ni kwamba keshoye na mwaka wa pili alikuwepo tena, na hiyo ni sifa ya kweli, lakini ni nyingine. Tena kwa kuendelea hadi 1994, akiifukuzia rekodi ya Richard Hadlee wa New Zealand ya wiketi 431, ambayo aliivuka Ahmedabad mwezi Februari mwaka huo, aliingiza katika wastani wake miaka ambayo kasi ilikwisha kumwishia.

Mpira Mkuukuu anajibu:

Nimesoma majibu yote na naona bado hatujazungumzia kitu chenyewe, yaani mpira ulivyokuwa ukitoka mikononi mwao. Kwa maoni yangu, hapo ndipo sehemu kubwa ya pengo la wastani inapoelezeka, bila kumsingizia mtu pichi mbaya wala wenzake dhaifu.

Kapil alirusha akiwa amegeuka ubavu kabisa, karibu na vijiti vya upande wake (vile vitatu vinavyosimamishwa kila mwisho wa pichi), na mpira wake wa asili ulikuwa ule unaompinda mpigaji wa mkono wa kulia kwa kwenda nje. Ni mpira mzuri mno kuutazama, lakini unahitaji msaidizi. Mpigaji akidanganyika, mpira hugusa ukingo wa gongo na kuruka nyuma kwa mlinda wiketi au kwa wale wanaosimama naye bega kwa bega wakingoja mguso wa namna hiyo. Wakiudondosha, mrushaji hana chake. Tena mpira huo hupinda vizuri ukiwa mpya, na katika joto na ukavu wa India ung'avu wake huisha mapema.

Mpira mkuu wa Imran ulikuwa kinyume cha huo. Alikuja kwa mbio ndefu, akaruka juu mwisho wa mbio akiwa karibu kifua wazi, na mpira ukaingia ndani kuelekea vijiti kwa kuchelewa sana. Huo hauhitaji mdakaji. Ama unang'oa vijiti ama unapiga mguu uliosimama mbele yake. Na kilichomfanya awe wa kuogopwa ni kwamba alikuwa na dawa ya mpira uliochakaa, ujuzi ambao Sarfraz Nawaz alikuwa nao kabla yake na ambao yeye aliwarithisha Wasim na Waqar. Upande mmoja wa mpira unatunzwa ung'ae na uwe mzito kwa jasho, upande wa pili unaachwa ukwaruzike, na ukirushwa kwa kasi ya kutosha unapinda kuelekea upande ambao mpigaji, akiangalia mkono, hakuutarajia. Kapil alimaliza ova zake hatari (ova moja ni mipira sita) ndani ya saa ya kwanza. Imran alikuwa na saa ya kwanza, kisha akawa na nyingine mpira ukifikia ova arobaini au hamsini.

Ushahidi ni Karachi, Desemba 1982, zamu ya pili ya India. Kulikuwa na utulivu, wapigaji wamezoea, mpira umekuwa kama gamba la nazi. Imran akarudi. Sunil Gavaskar, ambaye ulinzi wake ulikuwa somo kwa wengine, mpira ulimpita kati ya gongo na mguu ukang'oa vijiti. Akaingia Gundappa Viswanath, mtu aliyekuwa na macho makali kuliko wengi, akauona mpira ukienda mbali nje ya vijiti, akainua gongo juu auache upite. Ukarudi ndani, ukaangusha. Mpigaji hodari aliyeinua gongo kwa hiari yake hakosei kwa uzembe. Amekosea kwa sababu mpira umefanya kitu ambacho macho yake yalimwambia hakiwezekani. Imran alimaliza zamu hiyo na 8 kwa 60, na mfululizo ule wa mechi sita akaumaliza na wiketi 40.

Kwa hiyo mimi nasema kama mrushaji Imran alikuwa na silaha moja zaidi, na silaha hiyo ilikuwa ya ujuzi, haikuwa zawadi ya pichi. Wote wawili walirusha kwenye pichi zilezile kavu.

Saa Sita Kamili anajibu:

Mimi niliwahi kusimama kama mwamuzi katika mechi za ngazi ya chini, kwa hiyo mniwie radhi nikiliingiza suala ambalo ndugu Mpira Mkuukuu amelifungulia mlango bila kuligusa. Mpira unaoingia ndani na kupiga mguu unamhitaji mtu mmoja akubali, naye ni mwamuzi. Katika miaka hiyo waamuzi wote wawili walitoka nchi mwenyeji. Mtu anaweza kuuliza, na wengi waliuliza wakati ule, kama wastani wa 19.20 wa Imran nyumbani haukusaidiwa kidogo na kidole cha mwenyeji. Swali hilohilo linaweza kuulizwa kwa Kapil nyumbani kwake, ila mpira wake ulitegemea zaidi mikono ya wadakaji.

Najibu swali langu mwenyewe kwa sehemu. Imran ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kudai waamuzi wasiofungamana na upande wowote. West Indies walipozuru Pakistan mwaka 1986, akiwa nahodha, waamuzi wawili kutoka India, V. K. Ramaswamy na Piloo Reporter, waliitwa kusimamia Testi ya Lahore. Fikirini uzito wake: nahodha wa Pakistan anakubali Wahindi wawili waamue mechi yake nyumbani kwake. Na India walipozuru Pakistan mwaka 1989, waamuzi wa mechi zote nne walitoka Uingereza. Mtu anayenufaika na kidole cha mwenyeji hakazani hivyo kukiondoa. Utaratibu wa mwamuzi mmoja wa nje katika kila Testi ulikuja mwaka 1994, na wa wawili mwaka 2002, wakati yeye alikwisha kustaafu.

Gongo Jipya anajibu:

Samahani wakubwa wangu, mimi ni kijana na wachezaji hawa nimewaona kwenye video tu. Kwa nini tusiwalinganishe wa sasa, Virat Kohli wa India na Babar Azam wa Pakistan, au Jasprit Bumrah wa India na Shaheen Shah Afridi wa Pakistan, ambao sote tumewaona?

Mtunza Daftari anajibu:

Kijana, wazo si baya, lakini India na Pakistan hazijachezeana Testi tangu Desemba 2007. Hao uliowataja wamekutana katika mechi fupi tu, na huko jioni moja humfanya mtu mfalme. Tarehe 24 Oktoba 2021 kule Dubai, Shaheen aliwatoa Rohit Sharma, K. L. Rahul na Kohli, na Pakistan wakashinda kwa wiketi kumi, yaani bila mpigaji wao hata mmoja kutolewa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 23 Oktoba 2022 kule Melbourne, India wakihitaji mikimbio 28 katika mipira minane, Kohli alimpiga Haris Rauf sita mbili mfululizo (sita ni mpigo unaovuka mpaka wa uwanja bila kugusa ardhi), ya kwanza ikienda moja kwa moja juu ya kichwa cha mrushaji mwenyewe, na India wakashinda kwa mpira wa mwisho. Ungeulizwa nani bora baada ya jioni ya kwanza ungejibu hivi, baada ya pili ungejibu vile. Imran na Kapil walikutana siku tano tano kwa zaidi ya miaka kumi, na ndiyo sababu tunaweza kubishana juu yao kwa adabu.

Ova ya Mwisho anajibu tena:

Kwa kuwa mechi fupi zimetajwa, naomba niseme jambo la Kapil ambalo wastani hauna pa kuliweka, nalo ni wakati wa kutenda. Tarehe 18 Juni 1983, Tunbridge Wells, India walikuwa na mikimbio 17 huku wapigaji watano wametoka, dhidi ya Zimbabwe, na wangeshindwa wangekuwa mashakani katika Kombe la Dunia. Kapil alibaki hadi mwisho na mikimbio 175. Mlinda wiketi Syed Kirmani alisimama naye hadi mwisho na 24 zake, wakaongeza 126 pamoja bila kutolewa. Siku saba baadaye walikuwa mabingwa. Hakuna picha za televisheni za zamu ile, kwa hiyo Gongo Jipya hatazipata kwenye video zake, wala sisi.

Nyingine ilionekana na wote. Uwanja wa Lord's, London, 1990. Uingereza wamepiga 653, Graham Gooch peke yake 333. India wana 430, mpigaji wa mwisho, Narendra Hirwani, yuko upande wa pili na hajui kupiga kabisa. Zinahitajika 24 ili wasilazimishwe kuingia tena papo hapo. Mtu mwenye busara angezichukua mojamoja. Kapil aliilinda mipira miwili ya Eddie Hemmings kwa heshima, kisha akampiga sita, sita, sita, sita, zote kuelekea upande uleule wa mrushaji. Ishirini na nne kamili. Hirwani alitolewa muda mfupi baadaye. Ni kweli India walishindwa mechi, na ndugu Mtunza Daftari atanikumbusha. Lakini hesabu ya haraka kichwani, kwamba mwenzangu hatadumu na kwa hiyo ni sasa hivi au basi, huo nao ni ustadi.

Mpira Mkuukuu anajibu tena:

Naikubali Lord's yote. Ila wakati wa kutenda haukuwa wa Kapil peke yake. Katika fainali ya 1992 kule Melbourne Imran alikuwa na miaka 39, bega linamsumbua, akajipandisha juu katika mpangilio wa wapigaji na kupiga 72, nyingi kuliko za mpigaji mwingine yeyote katika mechi hiyo, na wiketi ya mwisho ya Uingereza ikawa yake. Kapil alitenda kwa kulipuka. Imran alitenda kwa kuingia mapema na kukaa.

Wote wawili katika mchana mmoja utawapata Sharjah, tarehe 22 Machi 1985. Ningemshauri ndugu Kijiti cha Kati ampelekee mjomba karatasi ya alama ya mechi hiyo. India waliingia kwanza. Imran akamtoa Ravi Shastri bila mkimbio, akafuata Srikkanth, Vengsarkar, Gavaskar, Amarnath: India 34, watano wametoka, wote wake. Ova kumi, mikimbio 14, wiketi 6. India wakafa na 125, na hata hizo zilifika hapo kwa sababu ya 47 za Azharuddin na 30 za Kapil. Wakati wa mapumziko hakuna aliyeweza kudhani kuna mechi iliyobaki. Kisha Kapil, ambaye ndiye aliyekuwa nahodha, akauchukua mpira, akawaweka wadakaji karibu na gongo kana kwamba yeye ndiye mwenye mikimbio mingi, Gavaskar akadaka minne nyuma, na Pakistan wote wakatoka kwa 87. Kapil 3 kwa 17. Tuzo ya mchezaji bora ilimwendea Imran, aliyeshindwa.

Kijiti cha Kati anajibu:

Ndugu zangu, nimejifunza mengi kuliko nilivyotarajia, hasa hesabu ya zamu 126 na ile ya mipira kwa kila mechi, ambazo zimekata kila upande kidogo. Kwangu mimi sasa suala la urushaji limekwisha: Imran. Kuhusu nani ningemchagua wa kwanza kama ningejua nina warushaji wawili tu wa maana na mechi kumi na tano mfululizo mbele yangu, bado ningemwita Kapil, na naona ndugu Ova ya Mwisho ananiunga mkono.

Nimempelekea mjomba karatasi ya Sharjah jana jioni. Aliisoma mara mbili, akasema, "Unaona? Sita kwa kumi na nne." Nikamwomba asome na mstari wa chini unaosema nani alishinda. Akaniambia miwani yake haioni maandishi madogo, na kwamba nimletee ile ya Faisalabad.

Ova ya Mwisho anajibu tena:

Mpelekee, ila hakikisha kurasa zote mbili zimo. Ile 7 kwa 220 iko ukurasa wa Pakistan.